Baraka za Kusimama: Goti la Mzee wa Mashuuru

Mtu akikwambia anaenda kubadilishiwa goti, usimtazame goti. Goti limeshapigwa picha na daktari ameshalikatia shauri. Wewe mtazame anavyoketi na anavyoinuka. Akijitupa kitini kama gunia la viazi linaloshushwa kwenye lori, na akiinuka kwa kuvuta meza, kuvuta mlango na kumvuta mke wake, jua kazi imeanza hapo, kabla ya kisu.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia kazi hii, na nyinyi wengine ambao mna mama au nyanya ambaye magoti yake yanalia akipanda ngazi. Mimi nimestaafu. Nilikuwa msaidizi katika vyumba vya mazoezi ya viungo, kwanza Kajiado mjini, halafu Kitengela, hadi nywele zikabadilika rangi. Cheti cha kutundika ukutani sina. Shule niliiacha darasa la sita, baba na mama walipofariki wakifuatana, nikabaki na wadogo watatu. Wa mwisho, Kasyoka, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Nilimbeba sana hata watu wakaniita Mama Kasyoka, na jina likanishika mpaka leo, ingawa Kasyoka ni dada yangu na sasa ana wajukuu wake. Siku hizo Kitengela ilikuwa ya nyumbu kuliko ya watu. Maji tuliyafuata mbali. Mtungi kichwani, mtoto mgongoni, ndivyo nilivyopata mapaja yaliyokuja kuniajiri.

Nasema kweli, mapaja ndiyo yaliyoniajiri. Nilikuwa nikifagia katika hospitali moja ya Kajiado. Madam Wairimu, mtaalamu wa mazoezi, alitoka mlangoni akanikuta nimechuchumaa nikikwangua uchafu kwenye kona ya ukuta. Nikainuka na ndoo iliyojaa maji bila kushika kitu.

"Weka ndoo chini," akaniambia.

Nikaiweka.

"Chuchumaa. Inuka tena."

"Madam, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Ingia hapa ndani wagonjwa wangu waone vile binadamu huinuka."

Nikaingia na ufagio mkononi. Wagonjwa wakanitazama nikishuka na kupanda kama wanunuzi wanaotazama mbuzi mnadani. Mama mmoja akauliza, "Na meno yake nayo ni mazuri?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Kuanzia juma lililofuata sikurudi kwenye ufagio.

Madam Wairimu alikuwa mwanamke mfupi kutoka Nyeri, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Hakuwa mchoyo wa elimu. Alinifundisha jina la kila msuli kwa Kiingereza, nami nikampa kila msuli jina lingine la Kikamba, la ndugu au jirani ninayemjua, ili nisisahau. Msuli mkubwa wa mbele ya paja niliuita kwa jina la mjomba wangu mmoja, kwa sababu ni mkubwa, una nguvu, na ukipata kisingizio kidogo cha kulala, unalala.

Huyo mjomba ndiye kiini cha yote ninayotaka kuwaambia. Goti likiuma, mtu hupunguza kulitumia. Akipunguza, paja linalegea. Paja likilegea, goti linabeba mzigo peke yake na kuuma zaidi. Kisha anakuja daktari, anapasua, anatia goti jipya linalong'aa. Baada ya hapo mguu unavimba, unauma, na msuli wa paja unagoma hata kwa mtu mwenye afya. Sasa fikiria aliyeingia na paja lililokwisha kulala. Atakuwa na goti la kisasa na hana wa kuliendesha. Ni kama kununua trekta katika kijiji ambacho hakina dereva.

Zamani tuliwaambia wapumzike, wangoje siku yao. Ilionekana ni huruma. Madam ndiye wa kwanza niliyemsikia akisema kinyume. "Operesheni ni ya daktari," aliwaambia, "lakini mguu ni wako. Yeye atafanya kazi asubuhi moja. Wewe utaufanyia kazi kabla na baada."

Shida yangu mimi, nilipoanza, ilikuwa kuinua watu. Mtu aliyelea wadogo zake hajui kutulia mwenzake akihangaika. Mgonjwa akisogea tu ukingoni mwa kiti, tayari nimemtia mkono kwapani, nimemnyanyua, nimemsimamisha, na shuka yake nimeitengeneza. Madam alinitazama siku kadhaa. Kisha akaniletea aproni aliyoishona mwenyewe, ina mifuko miwili mikubwa mbele.

"Hii mifuko ni ya nini, Madam?"

"Ya mikono yako. Ukiona mtu anainuka, itie humo. Ukiona anaanguka, itoe."

"Lakini nawasaidia!"

"Unajisaidia wewe. Kila ukimwinua mtu, anayefanya mazoezi ni nani? Na wewe uko na nguvu tayari, tulikuona na ndoo."

Shikeni hilo hata msiposhika lingine. Kumsimamia mtu karibu, macho wazi, miguu yako imejipanga, tayari kumdaka, halafu usimguse: hiyo ni kazi ngumu kuliko kunyanyua. Jioni ya kwanza ya mikono mfukoni nilirudi nyumbani nimechoka kama niliyevuna shamba.

Vifaa vyetu havikuwa kama vyenu. Nyinyi mna mipira ya kuvuta ya rangi rangi, nyekundu laini, ya buluu ngumu, na mgonjwa anatumiwa video kwenye simu. Sisi tulitumia blada, ule mpira wa kufungia mizigo kwenye baiskeli. Tulijaza mchanga kwenye soksi tukaifunga kifundo cha mguu. Kwa mama wa nyumbani, pakiti ya unga ndani ya mfuko wa kitambaa ilitosha, na akimaliza mazoezi anasonga ugali. Sidharau vya kwenu. Blada ilikuwa ikikatika ghafla na kukuchapa mkono hadi uone nyota mchana. Lakini msuli haujui bei ya kitu unachokivuta.

Na mazoezi yenyewe hayana uganga. Kunja taulo, liweke chini ya goti, mtu akiwa amelala aligandamize chini, ashikilie, aachie. Anyooshe mguu na kuuinua taratibu, aushushe taratibu zaidi, kwa sababu kushusha ndiko watu huibia. Akunje magoti na kuinua makalio kitandani. Ajisukume kwa mikono kutoka kitini, maana siku ya magongo ni mikono itakayombeba. Afundishwe magongo kabla, akili ikiwa safi, si siku ambayo kichwa kimejaa dawa. Ngazi vilevile: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mgonjwa utangulie. Na juu ya yote, kuketi na kuinuka. Anza na kiti cha juu, halafu teremka. Paja likiwaka kama pilipili, sawa. Goti likichoma kama kisu au likivimba asubuhi yake, umezidisha, punguza. Mwenye moyo au presha, daktari wake aseme kwanza. Na mtu ale: maharagwe, mayai, nyama akiipata. Msuli haujengwi kwa chai ya rangi.

Kuna waliozidisha pia, msifikiri shida ni uvivu peke yake. Baada ya Madam kuhamia Kitengela na kufungua kliniki, nami nikamfuata, alikuja Mama Njeri mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa akingoja kubadilishiwa nyonga. Tukamfundisha polepole. Juma lililofuata akaja akichechemea, uso umekunjamana.

"Mama Njeri, umefanya nini?" nikamwuliza.

"Kile mliniambia. Lakini mliniambia kidogo sana. Mimi ni mtu wa biashara. Kama kidogo iko na faida, si nikiongeza stoki napata zaidi?"

Kumbe alikuwa akiinuka na kuketi akiwa amekumbatia pakiti za misumari, na wateja wakingoja. Madam akamwambia, "Mama, tunakutayarisha kwa operesheni, si kwa mieleka." Akapumzishwa, akaanza upya bila misumari, na baadaye mambo yakamwendea vizuri. Mpaka sasa akiniona sokoni huketi kwenye ukingo wowote ulio karibu na kuinuka bila mikono, mbele za watu, kunionyesha.

Lakini niliyemkusudia leo ni Mzee Parsimei, Mmaasai wa Mashuuru.

Aliletwa kliniki na Moses, mwanawe wa kwanza, na mkewe Mama Naserian. Kuletwa, nasema. Vijana wawili walimtoa kwenye gari wakamweka kitini bila miguu yake kugusa ardhi kwa maana yoyote. Daktari wa upasuaji alikuwa amemtazama akawaambia wazi: goti limekwisha na linastahili kubadilishwa, lakini mapaja haya hayataweza kulibeba goti jipya. Aende akajenge nguvu. Akirudi na kuweza kuinuka kitini bila mikono, watapanga operesheni. Asipoweza, watangoja. Na kwa mtu wa umri ule, sote tulijua kungoja huwa kunaelekea wapi.

Moses alipotoka kwenda kuegesha gari vizuri, mzee aliniita karibu kwa kidole.

"Wewe uko na umri wa kuambiwa kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Vijana wangu wananipeleka choo. Mmoja huku, mmoja huku. Mlango unabaki wazi kwa sababu sisi watatu hatutoshi. Mbuzi wanapita wananiangalia."

Sikucheka. Yeye ndiye aliyecheka kidogo, kisha akaacha.

"Nataka kwenda peke yangu. Watu wanafikiria nataka goti nikatembelee ng'ombe. Ng'ombe wako na wachungaji. Mimi nataka kwenda choo peke yangu."

Nikamwambia tutalifanyia kazi hilo. Sikumwahidi, nanyi msiahidi.

Madam alinituma nyumbani kwao Mashuuru mara kwa mara, Moses akija kunichukua. Siku ya kwanza nilikuta adui amekaa sebuleni. Lilikuwa sofa. Moses alimnunulia baba yake sofa la kuzama, la kitambaa chenye maua, ukikaa ndani yake magoti yanakaribia masikio. Mzee alikuwa ndani kama yai kwenye kiota, mito kila upande. Chai ililetwa mdomoni. Rimoti ya redio ilishikwa na mjukuu. Supu ya mifupa ilipikwa asubuhi na jioni. Walikuwa wamechinja kondoo wawili ili apate nguvu ya kwenda hospitali, na hawakumruhusu kuokota hata fimbo yake ikianguka.

Ilikuwa heshima tupu, wala sikutaka kuwavunja moyo. Mimi mwenyewe wadogo zangu hunifanyia hivyo nikiwatembelea, hata glasi ya maji naletewa kana kwamba nimevunjika.

"Hili sofa litoke," nikasema.

Moses akashtuka. "Mama Kasyoka, unataka baba akae kwa mbao?"

"Kwa mbao. Kiti cha meza, kirefu."

"Watu watasema aje? Mzee wa boma hii kwa kiti kama cha mtihani?"

Mzee naye akadakia, "Mkamba huyu. Babu zake walichukua ng'ombe wetu. Sasa yeye amekuja kuchukua sofa."

"Babu zangu walikuwa wakirudisha ng'ombe wao, mzee. Inuka tuone."

Hakuweza. Alisukuma mikono, akatetemeka, akarudi chini. Nikajaribu kumweleza kwa nini paja lijengwe kabla ya kisu, nikaeleza vibaya, nikazunguka na majina ya misuli, mjomba akaingia na kutoka. Mwishowe yeye ndiye aliyenikatiza.

"Ngoja. Unasema operesheni ni kiangazi?"

"Kiangazi?"

"Ng'ombe akiingia kiangazi na mwili, atakonda lakini atavuka. Aliyeingia amekonda, unajua mwisho wake."

"Hivyo hasa, mzee."

Akawageukia wanawe. "Na nyinyi mnanilisha nikiwa nimelala. Anayelishwa hivyo si anangojea kuchinjwa?"

Sofa likatoka siku hiyo hiyo. Mazoezi ya kulala aliyafanya bila ubishi. Taulo aligandamiza, mguu aliinua, soksi ya mchanga akaivaa huku akisema haijapata kuonekana soksi ya mzee yenye uzito wa mtoto. Lakini kuketi na kuinuka alikataa. Kuinuka kwa ajili ya nini? Mtu huinuka akiwa anakwenda mahali. Kuinuka na kuketi, kuinuka na kuketi, hicho alisema ni kichaa, na wajukuu wanaangalia.

Nilikwama hapo. Nilirudi kwa Madam, naye akakwama pia. Mtu asiyetaka humwezi, hata uwe na elimu yote.

Aliyelitatua ni Mama Naserian. Kama mnavyojua, mtoto wa Kimaasai hamsalimii mzee kwa mkono. Huja akainamisha kichwa, na mzee huweka kiganja utosini. Boma lile lilikuwa na wajukuu kama vifaranga, wakitoka shule wakiingia mmoja mmoja kuinamisha vichwa, na mzee akinyoosha mkono kutoka kitini bila hata kukatiza maneno yake. Siku moja nilikuwepo, Mama Naserian amekaa akishona shanga, akasema bila kuinua macho:

"Mkono wako unafika kwa masikio tu. Baraka hazifiki kichwani."

"Zinafika," akasema mzee.

"Baba yako alikuwa akibariki amesimama. Nilimwona, nilikuwa nimeolewa juzi. Wewe unabariki kama mtu anayefukuza nzi."

"Mtu mzima hasimamii mtoto!"

"Nani amesema umsimamie mtoto? Simamia baraka."

Mzee akanitazama. Mimi nikatazama paa la mabati. Msichana mdogo alikuwa bado ameinamisha kichwa, amechoka kungoja, anachungulia kwa jicho moja. Mzee akavuta pumzi, akasukuma viganja juu ya mapaja, akainuka. Alisimama ameinama kidogo kama mti uliopigwa na upepo, akaweka mkono juu ya kichwa kile kidogo, akasema baraka ndefu ya Kimaa, halafu akaketi. Aliketi taratibu, si kwa kujitupa. Nilitia mikono ndani zaidi ya mifuko.

"Mwingine," akasema.

Jamani, boma lile! Habari zilikimbia. Watoto walikuja asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Wajanja wakabarikiwa, wakazunguka nyuma ya nyumba, wakarudi kwenye mstari wamebadilisha sweta. "Wewe nimekubariki tayari," mzee akafoka, "unataka kuwa gavana?" lakini alikuwa ameshainuka, akambariki tena. Aliyesahau kunywesha mbuzi alibarikiwa bila kusimamiwa, na hiyo ikawa adhabu ya kuogopwa. Mjukuu mmoja wa kike, wa sekondari, akaweka video kwenye kundi la simu la ukoo. Binamu zao wa Embulbul wakaandika, "Mzee ako fiti kutuliko!" na Jumapili wakajaza gari kuja kubarikiwa, wakubwa kwa wadogo. Nilimteremshia kiti kidogo kidogo. Mikono ikaacha kusukuma mapaja. Siku moja nikaona amesimama akibariki huku mkono mwingine umeshika kikombe cha chai.

Wakati huo huo tulikishughulikia choo chenyewe. Choo chao kilikuwa cha shimo, cha kuchuchumaa, na goti jipya halipendi kukunjwa hivyo. Vijana, nendeni mkaangalie vyoo vya wagonjwa wenu. Msiwatume nyumbani na karatasi ya mazoezi bila kujua watakwenda haja wapi. Tukamwita fundi wa mbao atengeneze kiti chenye tundu cha kusimama juu ya shimo. Fundi alikuwa mfupi, akapima kwa magoti yake mwenyewe. Mzee alikijaribu na nguo zake, akasema, "Hiki ni cha nani, cha sungura?" Kikarudi kikaongezwa miguu. Tukatia na kishikio ukutani.

Ikafika siku ya kurudi kwa daktari wa upasuaji. Nilikwenda nao. Daktari alikuwa kijana, mpole, umri wa mjukuu mkubwa. Akazisoma picha, akaliminya paja, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akasema, "Haya mzee, hebu inuka bila mikono nikuone."

Mzee Parsimei akaketi imara, mikono juu ya fimbo.

"Mzee, tafadhali. Inuka."

Akatazama dirishani.

Daktari akatuuliza kwa macho. Moses akamgeukia mzee. "Baba, si ulikuwa unaweza? Jana umeinuka!"

"Naweza."

"Basi inuka!"

"Siwezi kumsimamia mtoto."

Daktari hakukasirika, lakini kalamu ilikuwa mkononi, na nilijua kazi yake ni kuandika anachokiona. Alichokiona ni mzee aliyeketi. Nilihisi miezi yote ile, soksi za mchanga, watoto wa mstari, vikitaka kumwagika sakafuni. Nilitaka kumshika kwapani nimwinue mwenyewe. Mifuko ya aproni sikuwa nayo siku hiyo.

Mama Naserian akasogea mbele kwenye kiti chake. "Daktari," akasema, "wewe uko na mama?"

"Niko naye, mama."

"Basi inama kidogo."

Daktari hakuelewa, lakini alikuwa amelelewa vizuri. Akazunguka meza, akasimama mbele ya mzee na koti lake jeupe, akainamisha kichwa.

Mzee Parsimei akaacha fimbo. Akainuka. Hakusukuma, hakutetemeka. Akanyooka hadi akampita daktari kimo, akaweka kiganja kwenye nywele zake, akaibariki ile mikono yake, akaibariki na macho yake yaone vizuri, yote kwa Kimaa, Moses akitafsiri kwa sauti iliyokatikakatika. Kisha akaketi taratibu. Nesi aliyekuwa mlangoni akaweka faili chini na kusema, "Na mimi, mzee," akainamisha kichwa chake. Mzee akainuka tena. Akaja karani. Akaja mama aliyekuwa kwenye foleni ya nje, ambaye hata hatukumjua. Daktari alikuwa amerudi nyuma ya meza akiandika, anacheka peke yake.

"Inatosha mzee, inatosha," akasema. "Bakisha za siku ya operesheni."

Goti likabadilishwa. Sitawadanganya kwamba halikuuma. Siku ya kwanza baada ya hapo, tulipomsimamisha na fremu ya kutembelea, alinitaja mimi na babu zangu wote kwa Kimaa, na nashukuru Moses hakutafsiri. Lakini paja liliamka lilipoitwa. Lilichelewa, lilinung'unika, likaamka. Akafuata ratiba yake, fremu, halafu magongo, halafu fimbo. Watoto walikatazwa kuinamisha vichwa hadi aruhusiwe, wakawa wanapita mbele yake wakitembea polepole kwa makusudi.

Nilikwenda Mashuuru mara ya mwisho nikiwa karibu kustaafu. Tulikaa nje ya nyumba, mimi, Mama Naserian, Moses na wadogo zake, mzee kwenye kiti chake cha mbao. Tulikuwa tukizungumza mvua, kwamba kule Kona Baridi imenyesha na huku bado. Katikati ya maneno ya Moses, mzee akainuka. Akachukua fimbo.

Wanawe watatu wakasimama pamoja naye, kwa mazoea.

"Mnaenda wapi?" akauliza.

"Kukusindikiza, baba."

"Nimewaita?"

Wakaketi. Akavuka uwanja, hatua ndefu, fimbo ikigusa ardhi zaidi kwa heshima kuliko kwa haja. Mbuzi wakampisha. Akafungua mlango wa choo, akaingia, akauvuta. Kisha tukasikia komeo. Lilikuwa limeingia kutu kwa kukaa bila kutumika, likakwaruza, likagoma, likasukumwa tena, likaingia.

Mama Naserian akafunika mdomo kwa pembe ya shuka. "Amefunga," akasema.

Mmoja wa vijana alikuwa akijipangusa macho akisingizia vumbi. Dakika zikapita, na Moses, ambaye wasiwasi ni ugonjwa wake, akaanza kusogea ukingoni mwa kiti.

"Mbona anakaa sana? Akianguka huko ndani?"

"Mwache akae," akasema mama yake. "Amengoja sana."

"Lakini mama, tusimame tu karibu na mlango, hata asituone..."

Sauti ikatoka ndani ya choo, nene, yenye raha, sauti ya mtu mwenye nyumba yake:

"Nawasikia! Ondokeni hapo!"

Tukabeba viti vyetu, sote, tukahamia upande wa pili wa nyumba.